Baridi Isiyoshusha Homa

Juni na Julai ni miezi ya baridi Kamina. Nyanda hizi za Haut-Lomami ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua zimekwisha kukatika, anga halina wingu la kulizuia joto la mchana lisipotee usiku, na watu huamka pua zimeziba na makoo yanawasha kwa vumbi. Katika Base ya Kamina, kambi kubwa ya kijeshi ambayo Wabelgiji walianza kuijenga mwaka 1949 na ambayo leo inakaliwa na askari na familia kutoka pande nyingi za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kila familia imekuja na desturi ya kwao ya kupambana na mafua: hawa majani ya lumba-lumba, wale mchaichai, wengine mkalitusi wa kujifukizia. Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho karibu kila mtu hukitumia, ajue asijue. Ni nanaa, hasa ile kali iitwayo peremende, au kiini chake, mentholi. Imo katika chai, katika pipi, katika dawa ya meno, na katika kibati cha mafuta ya kuchua ambacho mama hukifungua mtoto anapokohoa usiku. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba nanaa inastahili heshima iliyonayo, ila heshima hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe unaonekana vizuri tukielewa jinsi mmea huu unavyofanya kazi. Kwa sehemu kubwa nanaa hubadilisha kile tunachohisi, si kile kinachotuumiza. Mahali ambapo malaria, nimonia na kipindupindu vinaua, tofauti hiyo inaweza kuamua uhai wa mtu.

Tuanze na ile baridi yenyewe. Mtu akijipaka mafuta ya mentholi kwenye paji la uso huhisi ubaridi mara moja, kana kwamba upepo umepita. Ubaridi huo hauna upepo wala maji nyuma yake. Mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja likiongozwa na David Julius wa San Francisco na jingine na Ardem Patapoutian wa Taasisi ya Scripps, yalieleza chanzo chake. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu iliyo katika ngozi, pua na kinywa kuna protini inayojulikana kwa jina la TRPM8, na kazi yake ni kuupasha ubongo habari za baridi. Ngozi ikipoa, protini hiyo hufunguka na ujumbe huenda. Mentholi nayo huifungua protini ile ile, ingawa hakuna kilichopoa. Ubongo hupokea ujumbe ule ule na hauna njia ya kujua kwamba mara hii mtumaji ni mwingine. Mwaka 2021 Julius na Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao juu ya jinsi mwili unavyotambua joto, baridi na mguso. Mtu anayehisi baridi ya nanaa hajidanganyi wala hajafanya ushirikina, kwani mishipa yake imesema kweli kwamba imeguswa. Lakini joto la damu yake liko pale pale lilipokuwa, na mama aliyemchua mtoto wake kifuani kisha akaugusa mwili kwa kiganja kile kile kilichoshika mafuta ameupoteza uwezo wa kupima homa kwa mkono, kwa sababu mkono wake sasa unahisi mentholi.

Mmea wenyewe una historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Nanaa za kawaida zimetumika tangu zama za kale katika nchi za Bahari ya Kati, na pwani yetu ya Waswahili ilipokea jina na matumizi yake kutoka kwa Waarabu. Peremende ni mtoto wa baadaye: ni chotara wa nanaa ya majini na nanaa ya kawaida ya bustani, na mtaalamu wa mimea John Ray aliieleza kwa maandishi huko Uingereza mwaka 1696. Mentholi iliyo katika vibati na pipi haitoki kwenye bustani za namna hiyo. Sehemu kubwa ya mentholi ya asili duniani hutoka India, hasa jimbo la Uttar Pradesh, ambako wakulima hulima jamaa mwingine wa nanaa, huyachemsha majani yake kwa mvuke kupata mafuta, kisha mafuta yakapozwa hadi fuwele nyeupe zikajitenga. Kwa hiyo kikombe cha chai ya majani na kibati cha mafuta ya kuchua ni vitu viwili vilivyo mbali sana kwa nguvu, hata kama harufu ni ndugu. Jani moja la nanaa lina mafuta machache mno. Ndani ya kibati kuna mentholi iliyokusanywa kutoka mafungu ya majani, na mara nyingi imechanganywa na kafuri na mafuta ya mkalitusi. Jambo hili husahauliwa kila mtu anaposema kwamba nanaa ni jani tu, haiwezi kudhuru.

Tuitazame pua, maana hapo ndipo sifa ya nanaa ilipo kubwa kuliko kwingine. Mwenye mafua akinusa mentholi husema pua imefunguka. Ronald Eccles, aliyeongoza kituo cha utafiti wa mafua katika Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, alilichunguza dai hilo kwa vipimo tangu miaka ya 1980. Aliwapa watu mentholi wanuse, akawauliza wanavyohisi, na papo hapo akapima kiasi cha hewa kinachopita puani. Watu walisema wanapumua vizuri zaidi. Vipimo vikaonyesha kwamba njia ya hewa haikupanuka. Uvimbe wa ndani ya pua ulibaki, makamasi yalibaki, na kilichobadilika ni ile hisia ya hewa baridi inayopita, ambayo ubongo huisoma kama njia iliyo wazi. Sioni sababu ya kuyadharau matokeo haya. Mafua ya kawaida hayana dawa ya kuyaponya, huisha yenyewe baada ya siku kadhaa, na mtu mzima anayepata usingizi kwa sababu ya mentholi amepata kitu cha maana. Usingizi ni neema kwa mgonjwa. Kwa mtu mzima mwenye mafua, hisia peke yake inatosha, kwa kuwa mwili wenyewe utamaliza kazi iliyobaki.

Taabu huanza ugonjwa unapokuwa ule ambao mwili hauwezi kuumaliza wenyewe. Miaka ya 2020 na 2021, korona ilipoingia Afrika Mashariki, Watanzania wengi walijifunika mashuka juu ya vyungu vya majani yanayochemka, na kupiga nyungu kukawa jambo la kila nyumba. Wengi walisema walipata nafuu, na sina shaka kwamba waliipata, kwa maana mvuke wenye harufu kali hulainisha koo na kuipa pua ile hisia ya kufunguka. Virusi vilivyokwisha kushuka mapafuni mvuke haukuvifikia. Mwenye korona kali aliyejifukiza akahisi kifua kimekuwa chepesi aliweza kupitisha siku ambazo alihitaji oksijeni. Ninautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba tatizo haliko kwa watu wasiosoma. Mashuka yale yalifunika maprofesa na wachuuzi pamoja.

Wako waliouelewa mapema uwezo huu wa nanaa wa kubadilisha hisia na kuutumia kibiashara. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Lloyd Hughes wa Ohio alipata hati miliki ya kutia mentholi katika sigara. Moshi wa tumbaku huwasha koo, na muwasho ule ni onyo la mwili kwamba kinachoingia ni sumu. Mentholi hulituliza koo, moshi ukashuka kwa ulaini, na kijana anayeanza kuvuta hakohoi kama ambavyo angekohoa. Sumu haikupungua hata chembe. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku sigara za mentholi mwezi Mei 2020, na Ethiopia iliingiza katazo la tumbaku yenye ladha katika sheria yake ya mwaka 2019. Katika kambi yoyote ya askari, ambako sigara ni sehemu ya kupitisha saa za lindo, jambo hili linastahili kusemwa bila kuficha: sigara inayopoza koo si sigara nyepesi.

Dawa ya meno ni mfano mpole zaidi wa jambo hilo hilo. Tumezoea kwamba kinywa kinachowasha kwa ubaridi ndicho kinywa safi. Usafi huletwa na mswaki unaosugua, na kinga ya jino dhidi ya kutoboka huletwa na floridi, ambayo haina ubaridi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu, na kiwango kinachopendekezwa ni sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa kila milioni. Mnunuzi mwenye pesa kidogo anapochagua bomba la dawa ya meno kwa ukali wa ladha yake, anachagua kwa alama isiyohusika. Asome kama floridi imeandikwa, na kama hakuna mwanga wa kusomea dukani amwombe muuzaji amsomee.

Kuna sehemu moja ya mwili ambako hoja yangu inabidi ipunguze mwendo, nayo ni tumbo. Hapa nanaa haifanyi kazi kwa kuiamsha mishipa ya baridi peke yake. Mafuta ya peremende hulegeza misuli laini ya utumbo kwa kuizuia kalisi isiingie kwenye seli za misuli hiyo, na utumbo uliokuwa ukijikaza kwa maumivu hulegea. Chama cha madaktari wa magonjwa ya tumbo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, kilipendekeza mafuta ya peremende kwa watu wenye utumbo unaosumbuka mara kwa mara bila kidonda wala vijidudu. Kwa hiyo bibi anayemchemshia mjukuu mkubwa majani ya nanaa kwa ajili ya gesi tumboni ana msingi. Lakini mwongozo ule unazungumzia mafuta yaliyofungwa katika kidonge chenye ganda lisiloyeyuka hadi kifike utumboni, si chai. Misuli inayolegezwa ni pamoja na ile inayofunga mlango wa juu wa tumbo, na hivyo mwenye kiungulia akinywa nanaa huenda akakizidisha, asidi ikapanda kooni. Kuna jambo jingine pia ambalo halisemwi sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na Richard Hurrell na wenzake ulipima madini ya chuma yanayonyonywa mwilini kutoka katika mkate, na ukaonyesha kwamba chai ya peremende iliyonywewa pamoja na chakula ilipunguza unyonywaji huo kwa asilimia 84, karibu sawa na chai ya rangi. Kwa familia ambayo chuma chake chote hutoka kwenye sombe, lengalenga na maharagwe, na kwa mama mjamzito ambaye malaria imekwisha kumpunguzia damu, hili si dogo. Chai ya nanaa inywewe saa moja au mbili baada ya kula bukari, yaani ugali, isiwe kando ya sahani.

Maumivu ya tumbo ya Haut-Lomami, zaidi ya hayo, mara nyingi si ya utumbo unaosumbuka bila sababu. Kuna minyoo, kuna kichocho, kuna homa ya matumbo, na kuna kipindupindu, ambacho kimejikita kwa miongo mingi katika maziwa ya bonde la Upemba, upande wa Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, na hutoka huko pamoja na wasafiri wa mitumbwi na wa reli. Nanaa haiui vimelea vya kipindupindu ndani ya maji ya kunywa. Maji ya kisima yaliyotiwa majani mabichi ya nanaa hupendeza kinywani na huonekana masafi zaidi kuliko yalivyokuwa, na hapo jani limeficha hatari badala ya kuiondoa. Maji yale yale yakichemshwa kwa ajili ya chai huwa salama, ila kilichoyasafisha ni moto. Mgonjwa wa kuhara naye hahitaji ladha bali maji, chumvi na sukari vilivyompotea: pakiti ya chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) kutoka kituo cha afya, au ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akihara maji kama ya mchele, apelekwe kituo cha afya huku akinyweshwa njiani.

Sasa tufike kwa mtoto, ambaye ndiye hasa makala haya yanamhusu. Kongo ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, na wengi wa wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 5. Malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili tangu homa ianze, na ndiyo maana mpango wote wa tiba umejengwa juu ya kupima na kutibu ndani ya saa 24. Nimonia nayo hufanana mwanzoni na mafua. Mtoto anakohoa, anachuliwa kifua, chumba kinanukia, ananyamaza, analala. Ule ukimya unasomwa kama nafuu. Huenda ni nafuu kweli, huenda pia ni uchovu wa mtoto anayeshindwa kupumua. Kipimo kipo, na hakihitaji mashine: mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi na anahitaji kuonwa siku ile ile. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, safari isingoje asubuhi. Mentholi haigusi hesabu hiyo kwa namna yoyote inayoweza kumwokoa.

Kwa watoto wachanga mambo ni mazito zaidi, kwa sababu hapo mentholi yenyewe inaweza kuwa ugonjwa. Ikipakwa puani au karibu na pua ya mtoto mdogo huweza kulikaza koo lake ghafla na kusitisha pumzi. Kafuri inayochanganywa nayo, ikimezwa hata kwa kiasi kidogo, huweza kuleta degedege, na watoto hulamba vidole. Watengenezaji wengi huandika kwamba mafuta haya yasitumiwe kwa mtoto wa chini ya miaka 2, ila maandishi huwa madogo na katika lugha ambazo mnunuzi hazisomi. Onyo la karibu nasi zaidi lilitoka Lagos. Mwaka 1980 madaktari Olowe na Ransome-Kuti, huyu wa pili akiwa ndiye aliyekuja kuwa waziri wa afya wa Nigeria, waliandika juu ya hatari ya manjano kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wanaopakwa vitu vyenye mentholi. Upungufu huo hurithiwa, na umeenea katika nchi za malaria kwa sababu huwapa wenye nao kinga kiasi. Kongo ni mojawapo ya nchi hizo. Mtoto mwenye upungufu huo anapozaliwa haonyeshi dalili yoyote, na mama hawezi kujua. Manjano yakizidi huharibu ubongo, na ubongo ulioharibika haurudi. Kwa hiyo kuhusu mtoto mchanga sioni nafasi ya mapatano: asipakwe mentholi kitovuni, kifuani wala utosini, na nguo zake zisifungiwe pamoja na vibati hivyo.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu lenye uzito. Kituo cha afya ni mbali, safari ni pesa, kumwona daktari ni pesa, dawa ni pesa, na mshahara wa askari huchelewa huku biashara ya mkewe ikitegemea gari-moshi ambalo halina saa. Kibati kiko mkononi. Nani anayestahili kumlaumu mama aliyetumia alichonacho saa nane za usiku? Mimi simlaumu, na makala haya hayakuandikwa kumlaumu. Ila ukosefu wa pesa haumfanyi mtoto awe na muda zaidi. Familia maskini ndiyo inayohitaji zaidi kujua ni shilingi au faranga ipi inanunua nini, kwa sababu haina ya kupoteza. Kibati kimoja baada ya kingine, pamoja na pipi za kifua na chupa ya dawa ya kikohozi iliyonunuliwa kwa mchuuzi, hufikia gharama ambayo ingelipa sehemu ya matibabu ya kweli. Njia nyingine pia zipo kabla ya hospitali: Base ina zone yake ya afya, Baka, iliyo tofauti na ile ya Kamina mjini, na mfumo wa Kongo una wale wahudumu wa jamii wanaoitwa relais, ambao katika vijiji vilivyo mbali na kituo baadhi yao wamefundishwa kupima malaria kwa tone la damu na kuhesabu pumzi za mtoto. Kumjua relais wa mtaa wako kabla mtoto hajaugua hakugharimu chochote. Na wenye mamlaka, wa jeshi na wa mkoa, wanadaiwa: mahali penye uwanja wa ndege na bohari za silaha, vipimo vya malaria na vidonge vya amoksisilini visikosekane.

Jibu la pili ni la wazee. Tumeishi kwa majani, husemwa, na Wazungu wenyewe wameyachukua majani yetu wakayafanya vidonge. Ni kweli, na ukweli huo uko karibu nasi: Pharmakina ya Bukavu imejenga jina lake kwa kukamua kinini kutoka katika magome ya miti iliyopandwa milimani Kivu. Dawa ya malaria ya leo, artemisinini, ilitolewa na Tu Youyou wa China katika mmea wa shambani, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mimi nauona ushahidi huu kuwa upande wangu. Kinini na artemisinini zinaaminiwa leo kwa sababu zimepimwa dhidi ya kimelea chenyewe na kimelea kikafa, na kipimo cha dozi kikajulikana. Hakuna aliyesema zinafaa kwa sababu zina harufu nzuri au ladha chungu. Nanaa imepimwa pia, na vipimo vimeonyesha kwamba inatuliza na kulegeza utumbo, si kwamba inatibu malaria. Anayeuheshimu mmea akubali yote yaliyoonekana kuuhusu. Lumba-lumba na mchaichai, ambavyo vina mafuta ya kufukuza mbu kwa muda mfupi, navyo havijaondoa haja ya chandarua, na hakuna mzee mwenye busara aliyewahi kulala nje kwa kuvitegemea.

Baada ya kuyasema hayo, ningependa nanaa iwe nyingi zaidi katika nyua za Kamina, si kidogo. Mtu mzima aliyetoka kazini na kichwa kinamkaza anaweza kunywa kikombe cha majani yake bila hofu, au kujipaka mafuta yaliyopunguzwa makali kwenye paji la uso. Mwaka 1996 madaktari wa Ujerumani walionyesha kwamba mafuta ya peremende yakipakwa hapo hupunguza maumivu ya kichwa ya mkazo. Chai iandaliwe kwa maji yaliyotokota na kikombe kifunikwe, maana mafuta ya jani huondoka na mvuke na asiyefunika hunywa maji ya kijani. Anayetaka kujifukiza na ajifukize akiwa mtu mzima, chungu kiwe sakafuni, watoto wakae mbali, kwani maji ya moto huunguza haraka kuliko mafua yanavyoumiza. Sukari katika chai ipunguzwe. Majani machache yaliyokatwakatwa katika mboga au katika kachumbari hayahitaji ruhusa ya daktari.

Kuipanda ni rahisi, ila kuna jambo la kuangalia. Peremende ya kweli, kwa kuwa ni chotara, haizai mbegu zinazoota. Huenea kwa matawi yanayotambaa chini ya udongo na kutoa mizizi kwenye kila fundo. Pakiti ya mbegu inayouzwa kwa jina lake ina nanaa nyingine ndani, nzuri pengine, lakini siyo hii. Anayeitaka amwombe jirani aliye nayo kipande cha tawi chenye mizizi urefu wa kidole, akipande mwanzo wa mvua karibu na mahali maji ya kuogea yanapomwagika, kwenye kivuli cha nusu siku, ndani ya ndoo kuukuu iliyotobolewa chini ili isije ikameza bustani ya lengalenga. Wakati wa kiangazi anyunyizie maji jioni, avune asubuhi kabla mmea haujatoa maua, na aache vifundo viwili juu ya udongo ili upate kuchipua tena.